Impreza iliyoshushwa ikavishwa rimu za 18: iligusa wapi, kwa nini, na tulimalizaje

Gari yenyewe ni Subaru Impreza ya mwaka 2008, ile ya mgongo mfupi, injini ya 2.0, oto, inavuta magurudumu yote manne. Iko Dar, mwenyewe ni dogo mmoja anayeipenda kweli kweli gari yake, anaiosha mwenyewe, oili anabadilisha kwa wakati. Ilikuja na rimu za kiwandani za inchi 16, upana 6.5, ET55 (hiyo ET nitaieleza chini), tairi 205/55R16, yaani upana milimita 205, ukuta asilimia 55 ya upana huo, rimu inchi 16. Akaishusha kwanza, kama milimita 40 hivi kwa springi fupi, akakaa nayo miezi kadhaa bila shida yoyote, halafu akanunua spotirimu Kariakoo, inchi 18 upana 8.5 ET35, zimekuja na tairi zake za mtumba 225/45R18. Zilivyofungwa tu gari ikapendeza aisee, hilo sibishi, picha alizopiga pale pale nje ya duka ni nzuri. Shida ikaanza siku ya kwanza alipopakia watu wanne.

Malalamiko yake yalikuwa matatu. Ikiwa na watu nyuma na akavuka tuta, kuna sauti ya kusagwa, kama mtu anapiga msasa kwenye bati. Akikata usukani wote kuingia parking, mbele kunakwaruza. Na akifika spidi 90 hivi Morogoro Road usukani unatetemeka, akishuka chini ya 80 unatulia. Fundi aliyemfungia alimwambia hiyo ni kawaida ya gari low, atazoea. Mimi hapo sikubaliani kabisa, gari iliyoshushwa vizuri haigusi popote na haitetemeki, na kama inagusa kuna kitu hakikupimwa.

Wengi wakiona hivi wanalaumu inchi 18. Inchi zenyewe hazina kosa hapa, mwili huu wa Impreza unameza 18 bila tabu. Kuna vitu vitatu vinavyoamua, upana wa rimu, ET yake, na urefu wa tairi, na vyote vitatu lazima vihesabiwe pamoja na nafasi ambayo springi fupi zimeshaila. Hesabu yenyewe ni ya kalamu na karatasi.

Anza na ET. Hiyo namba ni umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale rimu inapokaa kwenye habu, kile chuma cha gari kinachobeba gurudumu. ET ikiwa kubwa gurudumu linaingia ndani, ikiwa ndogo linatoka nje. Sasa rimu yake ya zamani ilikuwa 6.5 ET55, mpya ni 8.5 ET35. Upana umeongezeka inchi 2, yaani milimita 50.8, nusu yake 25.4 inaenda nje na nusu inaenda ndani. Kisha ET imepungua 20, kwa hiyo rimu nzima imesogezwa nje milimita 20. Jumla upande wa nje ni 25.4 kujumlisha 20, ni milimita 45.4 zaidi ya zamani. Upande wa ndani ni 25.4 kutoa 20, milimita 5.4 tu. Sentimita nne na nusu kila upande! Chukua rula uiangalie hiyo nafasi, ndiyo utaelewa kwa nini tairi lilikuwa limechungulia nje ya fenda kabisa.

Urefu wa tairi sasa. 205/55R16 ina kimo cha milimita 632 hivi ukipima kutoka chini mpaka juu. 225/45R18 ina 660. Tofauti ni kama milimita 28, karibu asilimia 4.4. Dogo alivyofunga aliona gari imepanda kidogo akashangaa, akawa anafikiria kukata springi aishushe tena. Na kweli ilipanda, kwa sababu kitovu cha gurudumu kimenyanyuka milimita 14, ila nafasi kati ya tairi na fenda ndiyo imeliwa zaidi. Springi zimekula 40, tairi limekula 14 nyingine, jumla 54 zimepotea pale juu ya tairi. Angekata springi angeitafutia gari balaa.

Na hiyo asilimia 4.4 haiishii kwenye fenda. Kama dashibodi ilikuwa inasoma sawa mwanzoni, ikionyesha 80 wewe uko 83 na nusu. Kwenye maeneo ya 50, na matochi ya trafiki tunayajua, hizo kilomita mbili za ziada zinaweza kukupa faini. Kilomita za gari nazo zinahesabiwa pungufu kwa hiyo hata sevisi unachelewa.

Kuona ni wapi hasa inagusa tulifanya hivi. Tulipaka chaki ya maji kwenye bega la kila tairi, bega la nje na la ndani, tukabandika na karatasi ya gundi kwenye mdomo wa fenda na kwenye plastiki la ndani, tukapakia watu, akaendesha taratibu juu ya matuta ya mtaani, kisha akapanda ukingo mmoja kwa mshazari ili gurudumu moja lipande na lingine lishuke. Tukarudi kuangalia. Nyuma, pande zote mbili, chaki ilikuwa imefutika mstari mwembamba kuzunguka bega la nje lote, na ukipitisha kidole kwenye huo mstari unasikia mpira umechimbwa, nyuzi za mpira zinachomoza chomoza. Huo ni mdomo wa fenda, ile bati iliyokunjwa kwenda ndani kama sentimita moja, inafanya kazi ya kisu. Kushoto ilikuwa imeshakula vibaya, safari moja ndefu yenye mzigo hilo tairi lingeweza kupasuka. Mbele ilikuwa inagusa plastiki la ndani ya fenda, ile kona ya kuelekea bampa, usukani ukikatwa mwisho, na plastiki lilikuwa limetoboka.

Lakini kuna kitu hakikuwa kinaingia akilini. Hata kwa hizo hesabu, nyuma ilikuwa inapanda juu kuliko nilivyotegemea. Springi fupi zinazouzwa kama seti huwa ngumu kidogo kuliko za kiwandani makusudi, ili gurudumu lisipande mpaka mwisho. Tukafungua mguu wa nyuma, na hapo ndipo jibu lilipokuwa. Ile raba ya kugotea inayokaa kwenye shafti ya shokapu, inayozuia mguu usipande kupita kiasi, ilikuwa haipo. Fundi aliyeshusha aliitoa yote pande zote nne ili gari isiwe inagota ikivuka matuta. Kwa hiyo ikipakiwa na ikaingia kwenye shimo, hakuna kinachosimamisha mguu isipokuwa shokapu yenyewe kugonga chuma kwa chuma, au tairi kugonga fenda. Hapa tairi ndilo lilikuwa linafanya kazi ya raba. Shokapu moja ya nyuma tayari ilikuwa inavuja.

Naomba hili lieleweke vizuri maana linafanyika gereji nyingi sana. Gari ikishushwa kwa springi za seti, hiyo raba inapunguzwa kidogo kama maelekezo ya seti yanasema hivyo, au inawekwa fupi yake, haitolewi. Inagharimu hela ndogo kuliko kitu kingine chochote tulichogusa kwenye hii gari.

Tukaja kwenye mtetemo. Tundu la katikati la rimu hizi lilikuwa milimita 73.1 kama spotirimu nyingi, zinatengenezwa kubwa ili ziingie gari za aina nyingi. Habu ya Subaru hii ni 56.1. Katikati hapo kunatakiwa pete, 73.1 kwa 56.1, plastiki ngumu au alumini, rimu ikae katikati ya habu kabla hujakaza nati. Hazikuwepo, rimu ilikuwa imeshikiliwa na nati tu, na ikikazwa kwa mashine ya upepo nati ya kwanza ikivuta upande rimu inakaa pembeni kwa unywele, spidi ndogo husikii, ukifika 90 usukani unakwambia.

Ila kibaya zaidi zilikuwa nati zenyewe. Stadi za Subaru, zile boliti za habu zinazofungwa nati, ni M12 nyuzi 1.25, yaani unene milimita 12 na kutoka uzi mpaka uzi milimita 1.25. Za Toyota ni M12 pia lakini nyuzi 1.5. Unene ni uleule, kwa macho huwezi kutofautisha, na mjini hapa ukisema nati za spotirimu unapewa za Toyota maana ndizo gari zilizojaa. Tatu kati ya nati zake zilikuwa 1.5 zimelazimishwa kwa mashine kwenye stadi ya 1.25. Tulipofungua ya kwanza ilitoka na vumbi la chuma linalong'aa, nyuzi za stadi zimelala kabisa, nati nyingine ilikwama nusu njia ikabidi ikatwe. Gurudumu la mbele kulia lilikuwa limeshikwa na nati mbili zilizo salama kati ya tano. Anapita nalo Morogoro Road kila siku asubuhi na jioni, na mdogo wake akiwa amekaa pembeni. Stadi zote zilizoumia tukatoa tukaweka mpya, hapo hakuna kujadili. Nati mpya ingiza kwa mkono kwanza mizunguko kadhaa, ikigoma kwa mkono siyo yake, na ukaze kwa spana ya kupima nguvu kwa kiwango cha kitabu cha gari, halafu ukishatembea kilomita 50 mpaka 100 rudi ukaze tena.

Jambo lingine linaloihusu Subaru zaidi kuliko Toyota ya kuvuta tairi mbili. Tairi za mtumba alizouziwa mbele zilikuwa na meno kama milimita 7 na nyuma zilikuwa na 3 hivi, kampuni tofauti pia. Tofauti ya milimita 4 ya meno ukiizidisha kwa mbili na pai unapata mzingo unaotofautiana milimita 25. Subaru wenyewe wanataka mzingo wa tairi zote nne usipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Mbele na nyuma zikizunguka kwa kasi tofauti muda wote, zile kilachi ndani ya giaboksi zinazogawa nguvu mbele na nyuma zinateleza bila kupumzika, zinapata moto, na mwisho ukikata kona gari inavuta kama imeshikwa breki. Giaboksi ya oto ya Subaru siyo kitu cha kununua kwa mchezo. Kwa hiyo mwenye Subaru akinunua tairi mtumba anunue nne zinazolingana, na asome na ile namba ya tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi, 2317 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2017, watu wanauziwa tairi za miaka kumi zimepakwa rangi.

Sasa tufanyeje. Dogo hakutaka kurudi kwenye 16 na mimi namuelewa, ameishusha gari ili ipendeze, ukimrudishia rimu za kiwandani umeua kitu chake. Tukaweka njia mezani.

Ya kwanza ilikuwa kubaki na rimu hizo hizo na kubadilisha tairi kuwa 225/40R18. Kimo chake ni 637, asilimia 0.8 tu juu ya zamani, dashibodi inarudi sawa, na juu ya tairi unarudishiwa milimita 11. Ila zile 45 za kutoka nje zinabaki palepale, tairi bado linaelekea kwenye mdomo wa fenda, itabidi fenda ikunjwe. Kukunja fenda kunawezekana, kuna roli yake, unapasha bati moto taratibu huku unazungusha. Lakini rangi ya miaka kumi na kitu inapasuka kwenye mkunjo, na kwa hewa yetu ya bahari ule ufa unaanza kutu kabla hata hujauona, ndani kule kuna maungio ya bati mbili yanayoshika maji. Mimi gari ya Dar siikunji fenda kama kuna njia nyingine. Kingine, ukisogeza katikati ya gurudumu nje milimita 20 usukani unaanza kufuata mifereji ya lami iliyobonyezwa na malori, dogo alishalalamikia hilo bila kujua sababu, na beringi za habu zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi.

Ya pili alipendekeza rafiki yake, 215/40R18 ivutwe kwenye hiyo 8.5 ili bega la tairi liingie ndani. Kwa upana inakubalika, 8.5 ndiyo mwisho wa saizi hiyo. Kimo 629, safi. Tatizo ni uzito, tairi ya kiwandani ilikuwa na namba 91, inabeba kilo 615, hiyo 215/40 kwa kawaida ni 89, kilo 580. Gari ya familia, inayopakia watu watano na mizigo ya sikukuu kwenda Moshi, siwezi kumshauri mtu apunguze uwezo wa tairi kuliko alioweka mtengenezaji. Wapo wanaofanya. Mimi hapana.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua, kuuza 18 na kutafuta 17 upana 7.5 ET48 na tairi 225/45R17. Hesabu: upana umeongezeka inchi moja, 12.7 kila upande, ET imepungua 7, kwa hiyo nje 19.7 na ndani 5.7. Ndani ni karibu sawa na zile za 18 ambazo zilikuwa hazigusi shokapu ya mbele, kwa hiyo upande huo tulishapata uhakika. Nje tumetoka 45 tukaja 20. Kimo 634, tofauti na zamani haifiki nusu asilimia. Namba ya uzito 94, hiyo ni tairi iliyoimarishwa, kilo 670. Na ukuta wa tairi ni milimita 101, wakati 225/40R18 ungekuwa 90. Hiyo sentimita moja ya mpira ndiyo inayookoa rimu mvua za masika zikijaza mashimo maji huoni kitu. Rimu moja kati ya zile za 18 ilikuwa imeshapinda mdomo wa ndani, upande usiouona ukisimama, aliyekuja kuinunua tulimwonyesha.

Tundu za nati za hizo 17 zilikuwa 5x100 halisi, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 100, siyo zile za matundu kumi. Hilo nalo watu wa Subaru waangalie, WRX STI tangu 2005 ni 5x114.3, Impreza hizi za kawaida na Forester za kipindi kile ni 5x100, kwa hiyo usichukue rimu za STI kwa sababu tu zina nembo moja na gari yako.

Kabla ya kulipa tuliomba rimu moja na tairi lake tukalijaribu, na muuzaji alikubali bila shida. Tulitoa springi ya nyuma, tukafunga shokapu bila springi ila ikiwa na raba mpya ya kugotea, tukavisha gurudumu, tukaliinua kwa jeki taratibu mpaka raba ikabanwa vizuri. Hapo unaona mwisho wa safari ya gurudumu, kitu ambacho huwezi kukiona gari ikiwa imesimama tupu nje ya duka. Kati ya bega la tairi na mdomo wa fenda kilibaki kidole kimoja chembamba. Mbele tukafanya vivyo hivyo huku usukani ukizungushwa mwisho huku na huku, ikabaki inagusa plastiki kidogo kwenye ile kona, tukaipasha moto plastiki ikarudi nyuma, skrubu moja ikahamishwa. Kazi ya kutoa springi inachosha na fundi analalamika, lakini nusu siku hiyo ni rahisi kuliko kuuza seti nyingine ya rimu kwa hasara.

Upepo tukaweka psi 36 badala ya 32 alizozoea, kwa sababu tairi iliyoimarishwa inafikisha ule uzito wake ikiwa na upepo mwingi kuliko ya kawaida.

Alaimenti ilikuwa ya mwisho, na haikuwa imefanywa tangu gari ishushwe! Miezi yote hiyo. Mbele tairi zilikuwa zimetazama nje, na hilo ndilo lilikuwa linakula upande wa ndani wa tairi kuliko hata ile kulala kwa gurudumu ambako watu wanakuogopa. Subaru mbele ina boliti ya juu ya shokapu yenye umbo la yai, ukiizungusha gurudumu linasimama au linalala, kwa hiyo mbele tulisawazisha pande mbili zikalingana. Nyuma uelekeo unarekebishika ila kulala hakurekebishiki kwa boliti za kiwandani, unahitaji mikono ya kurekebishika ambayo dogo hajanunua bado. Tumeiacha imelala kidogo, uelekeo uko sawa, na kwa kuzungusha tairi mbele na nyuma mara kwa mara zitaisha pamoja, na kwa gari hii inayovuta zote nne ilikuwa lazima azungushe hata hivyo.

Mtetemo umeisha, pete za habu zipo. Chaki imepakwa tena, watu watano ndani, matuta yale yale, nyuma chaki haijaguswa. Spea amebaki na moja ya zile 16 za kiwandani, mzingo wake unapishana na hizi mpya kama milimita 7 na nusu zote zikiwa na meno kamili, na hizi zikilika milimita moja na kidogo zitakuwa zimelingana, kwa hiyo akipata pancha anaweza kufika nyumbani bila kuitesa giaboksi. Inakaa juu kidogo kwenye buti, zulia limeinuka, lakini amesema anaiacha hivyo hivyo.